Mianzi Karibu na Nyumba

Mwanzi si mti. Ni jamii ya nyasi, ndugu yake muwa na mtama, nao huenea kama nyasi. Iko mianzi ya namna mbili. Namna ya kwanza hukua kwa kichaka kimoja, kama ule wa nchi ya Iringa na Njombe ambao watu hugema ulanzi. Huo hunenepa polepole, wala haumsumbui mtu. Namna ya pili, ambayo mingi asili yake ni China na Japani, ina mashina yatambaayo chini ya ardhi, na kila fundo laweza kutoa chipukizi. Mwenye nyumba hukitazama kichaka chake kwa furaha, kumbe mwanzi umekwisha kupita chini ya ua na kutokea katika shamba la jirani. Hapo ndipo ugomvi wa mpaka uanzapo.

Kukata mianzi iliyosimama tu hakufai, maana shina la chini lina akiba ya chakula, nalo huchipua tena. Dawa ni handaki. Mashina hayo hayashuki sana. Mengi hupita katika kina cha sentimita 30 hivi. Basi kichaka huzungushiwa handaki la sentimita 60, likaachwa wazi, na kila shina litokezalo humo hukatwa kwa panga. Handaki likijaa majani na udongo, mwanzi huvuka kama apitaye darajani.

Ule uliokwisha kuvuka hung'olewa kwa jembe, na machipukizi yake hukatwa yangali mororo, tena na tena, hata akiba iishe. Vipande havitupwi shambani, kwani chenye fundo huweza kuota. Hukaushwa juani, kisha huchomwa.