Dalili ya Mvua ni Mawingu: Viashiria vya Kibayolojia vya Maradhi Sugu ya Ini na Utumbo

Utangulizi

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Mkulima wa Nyeri, Kerugoya au Meru hahitaji kufasiriwa methali hii. Auonapo Mlima Kenya umejifunika gubigubi tangu asubuhi, huyaanua mahindi aliyoyaanika bila kungoja tone la kwanza. Mwili wa binadamu, hata hivyo, una maradhi ambayo mawingu yake hayaonekani kwa macho. Maradhi sugu ya ini yanaweza kumkaa mtu miaka na mikaka, naye akalima, akala na kucheka kama kawaida. Siku macho yake yanapogeuka manjano na tumbo kujaa maji, mvua huwa imekwisha kunyesha.

Fikra ya kuandika makala haya ilinijia wakati wa likizo, nilipoombwa na mama mmoja, jirani yetu karibu na Karatina, nimsomee karatasi aliyopewa maabara. Alikuwa ameambiwa kwa haraka kwamba matokeo yake ni "pozitivu", naye alikuwa amefurahi. "Hilo si jambo jema, mwanangu?" aliniuliza. Karatasi ilihusu virusi vya hepatitisi B. Mimi, mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili, niligundua kwamba sikuwa na maneno ya kumjibu. Nilichoweza kufanya ni kumsihi arudi kwa daktari, na kumsindikiza. Makala haya basi yanakusudia kueleza viashiria vya kibayolojia ni nini, vinasema nini na havisemi nini kuhusu maradhi sugu ya ini na ya uvimbe wa utumbo.

Dalili na Kiashiria

Hatuna budi kuanza kwa kutenganisha istilahi mbili. Dalili ni kile anachokihisi mgonjwa au kinachoonekana na watu, kama vile uchovu, umanjano wa macho, maumivu ya tumbo au kuhara damu. Kiashiria cha kibayolojia ni kitu kinachoweza kupimwa katika damu, mkojo, choo au mnofu wa mwili, ambacho kiasi chake hutoa habari juu ya hali ya mwili. Dalili husimuliwa na mgonjwa, ilhali kiashiria husomwa na chombo.

Aidha, kila kiashiria hujibu swali lake. Vipo vinavyoonyesha chanzo cha ugonjwa, vipo vinavyoonyesha ukubwa wa madhara, na vipo vinavyoonyesha iwapo tiba inafaa. Makosa mengi huzuka pale kiashiria kimoja kinapotakiwa kujibu swali la kingine.

Ini: Mtungi Uvujao

Katika kipimo cha kawaida cha ini, vimeng'enya viwili hutajwa kwanza, navyo ni ALT na AST. Makao yake ni ndani ya seli, na seli za ini zinapojeruhiwa huvuja na kuingia katika damu. Tuchukue mfano wa mtungi wa maji. Maji yaliyomwagika sakafuni yanatuambia kwamba mtungi una ufa, lakini hayatuambii ni nani aliyeupasua. Vivyo hivyo, ALT iliyopanda yaweza kuletwa na virusi, pombe, mafuta yaliyojazana katika ini, au dawa fulani, zikiwemo baadhi ya dawa za kifua kikuu.

Tena mtungi mtupu hauvuji. Ini likiisha kunyauka na kujaa makovu, hali iitwayo sirosisi, vimeng'enya hivyo vyaweza kurudi katika kiwango cha kawaida kwa kuwa seli zilizosalia ni chache. Mtu anayesoma tarakimu hiyo peke yake atadhani mgonjwa amepona. Kwa sababu hiyo, daktari hutazama pia viashiria vya kazi ya ini. Albumini ni protini inayotengenezwa na ini, na hupungua kiwanda kinapozorota. Damu nayo huchelewa kuganda. Bilirubini, ambayo ini lingepaswa kuitoa kupitia nyongo, hubaki mwilini na kuyatia macho rangi ile ambayo Kiswahili kiliipa jina la kiungo cha upishi, yaani manjano.

Uhusiano kati ya viashiria hufichua mengi kuliko kiashiria kimoja. AST inapozidi ALT mara mbili au zaidi, daktari hushuku pombe. Katika miji ya Mlima Kenya, ambako chang'aa na pombe nyingine haramu zimeacha majonzi katika nyumba nyingi, jambo hili lina uzito wa kijamii. Mtu aliyevimba tumbo huitwa mlevi hata kama hajawahi kuonja muratina. Kipimo cha damu hakiwezi kumsafishia jina kikamilifu, lakini chaweza kuonyesha kwamba adui ni virusi, wala si chupa.

Kadhalika, zamani ili kujua kiasi cha makovu ilimlazimu daktari kuchoma sindano na kutoa kipande cha ini. Mwaka 2003 watafiti walitangaza hesabu iitwayo APRI, inayotumia AST pamoja na idadi ya zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuigandisha. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza mwaka 2015 kwa wagonjwa wa hepatitisi B katika nchi zisizo na vyombo vya gharama kubwa. Vipimo viwili vya kawaida na hesabu fupi vinatosha kukisia kile ambacho awali kilihitaji sindano.

Virusi na Sumukuvu

Kiashiria mashuhuri zaidi cha hepatitisi B ni antijeni ya uso wa virusi, iliyoelezwa na Baruch Blumberg na wenzake mwaka 1965. Blumberg alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Antijeni hiyo ikidumu katika damu kwa zaidi ya miezi sita, ugonjwa huhesabiwa kuwa sugu. Nchini Kenya, watoto wachanga walianza kupewa chanjo yake katika mpango wa kawaida mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wengi waliozaliwa kabla ya hapo, kama yule jirani yetu, hawakuipata.

Mkasa wa mwaka 2004 unaonyesha jinsi viashiria viwili vinavyoweza kukutana katika ini moja. Katika wilaya za wakati ule za Makueni na Kitui hasa, na pia Machakos na Thika, mji ulio katika barabara iendayo Nyeri, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Wachunguzi walilinganisha wagonjwa 40 na watu wazima wa afya 80. Katika damu walipima sumukuvu, yaani aflatoksini, iliyokuwa imejishikiza katika albumini. Kwa kuwa albumini hukaa katika damu kwa majuma kadhaa, alama hiyo ilibaki hata baada ya chakula chenyewe kuliwa kikaisha. Iligunduliwa kwamba sumukuvu nyingi katika damu, na vilevile antijeni ya hepatitisi B, viliambatana na ugonjwa.

Sumu iliyoua kwa majuma machache mwaka ule huweza pia kuua kwa miaka mingi. Anayeila kidogo kidogo huku ana virusi vya hepatitisi B yumo katika hatari kubwa zaidi ya saratani ya ini kuliko mwenye moja tu kati ya hayo mawili. Kuyaanua mahindi kabla ya mvua ni kulinda ini.

Utumbo na Jirani Yake

Maradhi sugu ya uvimbe wa utumbo ni mawili hasa, nayo ni ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Kwa muda mrefu yalidhaniwa kuwa maradhi ya Ulaya na Marekani. Kwetu, mtu anayehara damu hushukiwa kwanza kuwa na amiba, homa ya matumbo au kifua kikuu cha utumbo, na shaka hiyo ni ya haki kwani maradhi hayo yapo. Tatizo huja anapotibiwa amiba mara tano na asipone.

Hapa kipo kiashiria kiitwacho kalprotektini, protini iliyomo katika chembe nyeupe za damu. Utumbo unapovimba, chembe hizo hukimbilia huko, na protini hiyo hutokea katika choo. Ikiwa chini kabisa, yaelekea utumbo haujavimba. Ikiwa juu, uvimbe upo, lakini chanzo bado hakijajulikana, kwa sababu maambukizo nayo huipandisha. Pafukapo moshi pana moto, lakini moshi hautaji jina la aliyeuwasha.

Ini na utumbo ni majirani wanaosikilizana. Damu itokayo katika utumbo hupitia katika ini. Protini C-riaktivu, inayopimwa ili kujua uvimbe, hutengenezwa na ini lenyewe. Pia upo ugonjwa unaozitia makovu njia za nyongo, ambao mara nyingi huambatana na ule wa vidonda vya utumbo mpana. Hivyo mgonjwa wa utumbo hupimwa ini pia.

Chanya Si Heri

Turejee kwa mama yule. Katika mazungumzo ya kila siku, chanya huashiria heri na hasi huashiria shari. Katika maabara, chanya maana yake ni kwamba kilichotafutwa kimepatikana, basi. Antijeni ya hepatitisi B ikiwa chanya, virusi vimo mwilini. Kingamwili dhidi ya antijeni hiyohiyo ikiwa chanya, kwa kawaida mtu amekingika. Neno ni moja, ilhali habari ni mbili zinazopingana. Pengine ingefaa kusema "imeonekana" na "haikuonekana", na kukitaja kilichoonekana.

Mama alielezwa haya polepole na daktari, akaambiwa arudie kipimo baada ya miezi sita, na watu wa nyumbani mwake wapimwe, wasioambukizwa wachanjwe. Alielewa vyema. Kilichokuwa kimekosekana ni maneno.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kiashiria si hukumu. Ni shahidi mmoja, naye husikilizwa pamoja na mashahidi wenzake. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mtu hawezi kulaumiwa kwa kuficha ugonjwa ambao alitangaziwa kwa lugha asiyoielewa. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuunda istilahi za isimu na fasihi. Shime, tuzifuate pia karatasi za maabara, tukae na wauguzi na madaktari, ili mtu wa Nyeri au Embu aambiwapo damu yake imesema nini, aisikie kwa lugha anayoielewa.