Kukadiria Bei ya Prosesa Mpya: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tuliona jinsi prosesa za kompyuta za mezani zinavyotengenezwa. Mtu akishajua gharama ya kiwandani hushawishika kuijumlisha na faida, akadhani amepata bei itakayotangazwa siku ya uzinduzi. Hesabu hiyo haifiki mbali.

Tuchukue Novemba 2020, AMD ilipoingiza sokoni Ryzen 5000. Mtengenezaji wa viini alikuwa yuleyule wa kizazi kilichotangulia, TSMC ya Taiwan, kwa teknolojia ileile ya nanomita 7, na idadi ya viini haikuongezeka. Hata hivyo 5600X ilitangazwa kwa dola 299, ilhali 3600X ya kizazi kilichotangulia ilianza kwa 249. 5800X ilianza kwa 449, na 3800X ilikuwa 399. Hata daraja la juu kabisa, la 5950X, lilipanda kutoka 749 hadi 799. Dola 50 kila daraja! Kilichobadilika ni ushindani: kizazi hicho kipya kiliipiku Intel, mpinzani wa AMD, hata kwenye michezo ya kompyuta, ngome ya mwisho ya Intel.

Septemba 2022 mambo yakageuka. Ryzen 9 7950X ilihamia nanomita 5, teknolojia ghali zaidi, lakini ikaja kwa dola 699, yaani 100 pungufu ya 5950X. Intel ilikuwa imerudi ulingoni tangu Novemba 2021 na Core i9-12900K ya dola 589. Isitoshe, aliyetaka 7950X alilazimika kununua pia ubao mama mpya na RAM za DDR5, zilizokuwa bado ghali. Kabla mwaka haujaisha, maduka ya Marekani yalikuwa yakiiuza chini ya dola 600.

Kwa hiyo anza na bei ya mpinzani, tena ile ya dukani. Dola 589 za Intel zilikuwa bei ya prosesa moja kwa anayeagiza 1,000, wakati AMD hutangaza bei inayopendekezwa kwa mnunuzi wa rejareja. Wengi huzilinganisha bila kuliona hilo. Kisha ongeza gharama ya ubao mama na RAM.

Mwaka 2024 ulionyesha pande zote mbili. 9700X ya AMD ilianza kwa dola 359, chini ya 399 za 7700X iliyoitangulia. Miezi michache baadaye ikaja 9800X3D, ambayo wakati huo haikuwa na mpinzani kwenye michezo. 7800X3D iliyoitangulia ilikuwa 449. 9800X3D ikatangazwa kwa 479.