Basil Hirschowitz
Basil Hirschowitz (29 Mei 1925 – 19 Januari 2013) alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya mfumo wa chakula, mzaliwa wa Bethal, Afrika Kusini. Anajulikana hasa kwa kubuni endoskopu ya nyuzi za kioo, yaani mrija laini unaopitishwa mdomoni ili daktari aone ndani ya tumbo.

Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, akajiendeleza London, na mwaka 1953 akahamia Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Vyombo vya wakati huo havikupindika vya kutosha: vilimwumiza mgonjwa na kuacha sehemu za tumbo bila kuonekana.

Hirschowitz alishirikiana na mwanafizikia Wilbur Peters na mwanafunzi Larry Curtiss kupitisha picha katika nyuzi nyembamba za kioo. Mwanzoni mwanga ulivuja kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Mwaka 1956 Curtiss alizuia uvujaji huo kwa kuvika kila uzi tabaka la kioo cha aina nyingine. Februari 1957 Hirschowitz alikimeza chombo hicho yeye mwenyewe kwanza. Siku chache baadaye alikitumia kwa mgonjwa.

Tangu 1959 alifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Alabama mjini Birmingham.