Mwano unapovuka mpaka

Mama yangu mdogo anauza dagaa Buhongwa, Mwanza, jirani na stendi. Ujumbe wake wa sauti uliniingia usiku wa huku Massachusetts, kwake kukiwa kumekucha. Nyuma ya sauti yake nilisikia ungo ukipepetwa na kondakta akiita "Mkolani, Nyegezi, Mjini!" Akaniuliza: "Mwanangu, yule Mkenya aliyeua huko kwenu akakimbilia Nairobi, mbona walikaa naye miezi yote ile? Si wangemkamata tu, wakampandisha ndege?"

Nimeulizwa swali hilo na wengi, Watanzania kwa Wakenya, kwa hiyo nalijibu hapa. Majina nayaacha kwa makusudi. Marehemu ana wazazi, na mtuhumiwa naye ana wa kwao.

Mnamo Novemba 1, 2023, polisi walikuta mwili wa mwanamke ndani ya gari, kwenye maegesho ya uwanja wa ndege wa Logan, Boston. Alikuwa mfanyakazi wa afya mwenye asili ya Kenya, na ndugu zake walikuwa wakimtafuta tangu alipotoka kazini Oktoba 30. Aliyetuhumiwa ni mpenzi wake, Mkenya mkazi wa Lowell, ambaye polisi walisema alikuwa ameshapanda ndege kwenda Kenya. Alikamatwa mwishoni mwa Januari 2024 katika klabu ya usiku Westlands, Nairobi. Februari 7 akatoroka kituo cha polisi cha Muthaiga, akadandia matatu akapotea. Askari wanne waliwekwa ndani kwa uzembe huo. Ndani ya wiki moja hivi alikamatwa tena upande wa Ngong, akiwa amejificha kwa ndugu.

Sisi tuliokulia Usukumani tunaujua mwano. Ng'ombe wakiibwa usiku, mwenye zizi anapiga yowe. Kijiji kinatoka kufuata nyayo, na zikifika mpakani jirani anaupokea mwano na kuendelea na msako. Walinzi wa jadi, Sungusungu wa miaka ya 1980, walisimama juu ya desturi hiyo. Tangazo jekundu la Interpol, shirika la polisi wa kimataifa, linafanana na mwano kwa kiasi fulani, maana linazifikia nchi wanachama 196. Lakini Interpol haina askari wa kwenda kumfunga mtu pingu Buhongwa wala Ngong. Inapaza sauti tu. Anayekamata ni polisi wa nchi husika, na kwa sheria ya nchi hiyo.

Hapo ndipo miezi inapokwenda. Kati ya Marekani na Kenya kuna mkataba wa kurejeshana watuhumiwa ambao Uingereza iliusaini mwaka 1931. Baada ya uhuru Kenya iliukubali uendelee, na Tanzania vilevile; sisi tuna pia Sheria ya Kurejesha Wahalifu, Sura ya 368, ya mwaka 1965. Nchi inayomtaka mtu hutuma hati na muhtasari wa ushahidi. Mtuhumiwa hufikishwa mbele ya hakimu, ambaye haamui kama ameua au hakuua. Anaangalia kama huyu ndiye yule anayetafutwa, kama kosa linatambulika pande zote mbili, na kama ushahidi unatosha kumpeleka mtu akashtakiwe. Mtuhumiwa ana wakili, na ana haki ya kupinga.

Mama mdogo, hilo la kumpandisha tu ndege lilishafanyika, na aliyefanyiwa ni Mzanzibari. Khalfan Khamis Mohamed, aliyetafutwa kwa mlipuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam wa Agosti 7, 1998, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na ndani ya siku chache akawa New York. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema serikali yake ilivunja sheria kumtoa bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Wakati huo kesi ilikuwa inasikilizwa Marekani. Mwishowe alihukumiwa kifungo cha maisha. Hatua inayorukwa haraka inaweza kuja kudaiwa mahakamani, na anayeumia kwa kesi kuyumba ni aliyefiwa.

Neno moja linaniuma. Watu wanamwita mtu kama huyu wa Boston "mkimbizi". Mkimbizi ni aliyekimbia kuokoa roho yake, kama jirani zetu wa Burundi na Kongo waliojaa kambi za Kigoma. Huyu ni mtoro anayetafutwa na mahakama. Tukiyachanganya, kila mhamiaji anatazamwa kwa jicho la mashaka kwa kosa ambalo halina pasipoti. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake na wasichana 51,100 duniani waliuawa na wenzi au ndugu zao. Wengi wao hawakuwahi kuvuka mpaka wowote.

Ninachokisema waziwazi ni hiki: ndugu anayemfungulia mtoro mlango na kumpikia ugali anaukata mwano. Najua damu ni nzito. Lakini upande wa pili kuna mama anayesubiri kusikia mwanawe alikufaje.

Nilimwambia haya yote mama mdogo. Akanyamaza kidogo, kisha akanikumbusha tukio la Buswelu, hukohuko Mwanza, la Mei 2022. Mwanamke aliuawa kwa risasi nyumbani, na mumewe, aliyekuwa akitafutwa, akaja kuopolewa ziwani siku chache baadaye. Hapakuwa na kesi wala shahidi aliyeapishwa. "Wale wazazi wake," akasema, "wamuulize nani?"

Mtuhumiwa wa Boston yeye ameulizwa. Mwanzoni mwa Septemba 2024, miezi kumi baada ya gari lile kufunguliwa, alisimamishwa mahakamani na kusomewa shitaka. Akalikana, kama ilivyo haki yake, na waendesha mashtaka wakabaki na kazi ya kulithibitisha.