Upepo wa Kompresa: Nguvu Isiyoonekana, Hatari Inayopimika

Katika gereji za Gerezani jijini Dar es Salaam, na katika karakana za Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, kuna mashine moja ambayo karibu kila fundi anaitegemea: kompresa. Ndiyo inayojaza upepo kwenye matairi, inayorusha rangi kwenye bodi za magari, inayozungusha mashine za kufungulia nati na kupuliza vumbi kwenye chujio. Tanki likijaa, mota inajizima, karakana inatulia, na mtu anaweza hata kuliegemea huku akipiga soga. Kompresa inayonguruma huogopwa kwa sababu ya kelele zake. Iliyonyamaza husahaulika, ilhali hiyo ndiyo iliyojaa.

Tufanye hesabu. Tuchukue tanki la lita 200, lenye kipenyo cha sentimita 40, na geji yake inasoma bar 8, yaani karibu psi 116. Kwa presha hiyo, kila sentimita moja ya mraba ya chuma inasukumwa kutoka ndani kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 8. Kila ncha ya tanki ina eneo la sentimita za mraba 1,250 hivi. Maana yake ni kwamba kila ncha inasukumwa kwa nguvu inayolingana na uzito wa tani 10, mchana kutwa, bila sauti yoyote. Hewa hiyo yote ikifunguka kwa mpigo mmoja, hutoa nishati ya jouli 200,000 hivi. Nishati hiyo inatosha kuinua gari dogo la tani moja hadi mita 20 kwenda juu, kimo cha jengo la ghorofa sita.

Hapo ndipo penye kiini cha usalama wa kompresa. Tanki ni ghala la nishati, na kila ajali ya kompresa, iwe ya kupasuka, ya mpira kuchapa au ya jicho kuumia, ni nishati hiyo kutoka mahali isipotakiwa.

Kwa nini hewa hupasua na maji huvuja

Mwaka 1662 mwanasayansi Robert Boyle alichapisha kanuni ambayo bado inafundishwa shuleni: ukibana hewa ikae katika nusu ya nafasi yake ya awali bila kubadili joto lake, presha yake huongezeka mara mbili. Boyle alieleza kuwa hewa ina tabia ya springi: inakubali kubanwa, lakini haiachi kusukuma itoke. Kazi yote ambayo mota imefanya kuibana inabaki ndani yake ikingoja nafasi.

Maji hayako hivyo. Tanki lile lile la lita 200 likijazwa maji na kupandishwa hadi bar 8, nishati inayobaki ndani ya maji ni jouli 30 hivi, kwa sababu maji karibu hayabaniki kabisa. Presha ni ile ile na geji inasoma namba ile ile, lakini nishati imepungua kwa maelfu ya mara. Tanki la maji likipata ufa, maji hutoka kidogo, presha huanguka papo hapo, na mambo huishia hapo. Tanki la hewa likipata ufa, hewa huendelea kutanuka na kuuchana ule ufa mpaka chuma kifunguke.

Ndiyo maana wapimaji wa matanki hutumia maji. Hulijaza tanki, huondoa hewa yote, kisha hupandisha presha kupita ile ya kazi, mara nyingi hadi mara 1.3 au 1.5. Fundi anayechomelea tanki kisha akalijaribu kwa kulijaza upepo huku ameinama kusikiliza kama linavuja, ameuweka mwili wake mahali pabaya kuliko pote.

Kutu inayofanya kazi gizani

Hewa ya pwani ina maji mengi. Kwenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 75, hali ya kawaida Dar es Salaam au Mombasa, kila mita ya ujazo ya hewa hubeba gramu 23 hivi za mvuke wa maji. Kompresa inayovuta lita 300 kwa dakika huvuta mita za ujazo 18 kwa saa, na pamoja nazo zaidi ya gramu 400 za maji. Hewa hiyo ikishabanwa na kupoa ndani ya tanki, inaweza kubakiza gramu 60 tu katika hali ya mvuke. Zinazobaki hugeuka maji, karibu theluthi moja ya lita kwa kila saa ya mota kufanya kazi. Mota ikifanya kazi jumla ya saa sita kwa siku, lita mbili za maji zimetua chini ya tanki. Dodoma wakati wa kiangazi kiasi hicho hupungua, lakini hakiishi.

Maji hayo hukaa mahali pasipoonekana, yakila chuma kutoka ndani huku rangi ya nje iking'aa. Tuseme ukuta wa tanki ulikuwa na unene wa milimita 3 lilipotoka kiwandani, na kutu imeula ukabaki milimita 1. Chuma kilichobaki sasa kinabeba mkazo mara tatu ya ule kilioumbiwa kubeba, lakini geji itaendelea kusoma bar 8 kama siku ya kwanza. Kinachopungua ni chuma, na hakuna geji ya karakana inayokipima. Upimaji wa unene hufanywa na mtaalamu kwa kifaa cha mawimbi ya sauti.

Dawa ya awali haina gharama: bomba dogo lililo chini ya tanki. Lifunguliwe kila siku baada ya kazi, maji yatoke mpaka upepo mkavu usikike, na likiziba lizibuliwe au libadilishwe, baada ya upepo wote kutolewa kwanza. Na tanki likianza kutoa tone au kufoka kwenye tundu la sindano, lisizibwe kwa kuchomelea. Tundu lile ni mahali pa kwanza tu kutoboka, na chuma kinacholizunguka nacho kimekwisha. Tanki hilo limemaliza kazi yake na linatakiwa kuondolewa.

Walinzi wawili wasioingiliwa

Kompresa ina walinzi wawili. Wa kwanza ni swichi ya presha, inayozima mota tanki likifika kiwango kilichopangwa na kuiwasha tena presha ikishuka. Wa pili ni valvu ya usalama, ambayo haitegemei umeme. Swichi ikinata na mota ikaendelea kusukuma, valvu hufunguka yenyewe na kumwaga hewa.

Siku valvu inapoanza kufoka, baadhi ya mafundi huiona kero wakaiziba kwa bolti ili kazi iendelee. Kufoka kule ni taarifa. Ama valvu imechakaa, ama swichi imekufa na presha imepita kiasi. Hali zote mbili zinadai mashine izimwe na kifaa kibovu kibadilishwe. Valvu mpya nayo ina masharti: presha iliyoandikwa juu yake isizidi ile iliyo kwenye bamba la tanki, iwe na uwezo wa kutoa hewa kwa kasi kuliko kompresa inavyoingiza, na pasiwepo bomba lolote la kufunga kati yake na tanki. Nyingi zina pete ya kuvuta ili kuhakikisha kuwa hazijanata. Ivute mara kwa mara kama mtengenezaji anavyoelekeza, ukiwa umevaa miwani na umekaa pembeni ya njia ya upepo.

Dunia ilijifunza kwa vifo kwamba vyombo vya presha vinahitaji sheria. Tarehe 20 Machi 1905, boila la kiwanda cha viatu cha Grover mjini Brockton, Massachusetts, nchini Marekani, lililipuka na kuua watu 58. Miaka miwili baadaye jimbo hilo lilitunga sheria ya maboila, na mwaka 1914 chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, ASME, kikaandaa kanuni zake za kwanza za ujenzi wa maboila. Lile lilikuwa boila la mvuke, lakini somo lake linalihusu kila tanki lenye presha.

Joto, moshi na mabomba ya plastiki

Hewa ikibanwa hupata joto. Hewa ya nyuzi 30 ikibanwa kwa mpigo mmoja hadi bar 8 bila kupozwa ingekaribia nyuzi 290. Mapezi ya chuma kwenye kichwa cha kompresa hupunguza joto hilo, lakini bomba linalotoka hapo bado linaweza kuunguza ngozi. Joto likizidi, oili huvunjika na kuacha masizi kwenye valvu na mabomba, na masizi hayo yanaweza kuwaka moto. Kompresa inahitaji oili yake maalumu, mapezi yasiyo na vumbi na mahali penye hewa ya kutosha. Iliyo ya injini ya petroli isivute hewa karibu na ekzosi, maana itajaza tanki kaboni monoksidi. Na hewa ya kompresa ya karakana, hata ionekane safi namna gani, si ya kuvutwa na mapafu ya mtu, awe mpiga rangi au mzamiaji.

Kosa jingine ni kusambaza upepo kwa mabomba ya plastiki ya PVC. Presha iliyoandikwa kwenye mabomba hayo ni ya maji. Hewa hukaa ndani yake na nishati yake yote, na bomba likichoshwa na joto, oili na jua hupasuka vipande vyenye ncha vinavyoruka kila upande. Tumia chuma, shaba au plastiki iliyotengenezwa mahususi kwa ajili ya upepo.

Upepo na mwili wa binadamu

Mwisho wa siku, mtu aliyejaa vumbi huchukua bastola ya upepo akajipuliza nguo. Ni mazoea yaliyoenea, na ni ya hatari. Upepo hurusha chembe za chuma machoni, na kwenye jeraha unaweza kupenya chini ya ngozi. Kanuni za usalama kazini za Marekani zinataka upepo wa kusafishia vifaa ushushwe hadi chini ya psi 30, yaani bar 2 hivi, tena pawe na kinga ya chembe na miwani. Nguo zisafishwe kwa brashi.

Kuna pia mzaha unaofanywa na vijana wa karakana, wa kumpulizia mwenzao upepo sehemu ya nyuma. Utumbo mpana wa binadamu unaweza kuchanika kwa presha ya bar 0.3. Kompresa ina bar 8, zaidi ya mara 25 ya hiyo, na upepo wake hupita kwenye nguo bila taabu. Agosti 2015, mjini Khulna nchini Bangladesh, mvulana alikufa baada ya kuingiziwa upepo namna hiyo. Mwenye karakana apige marufuku mzaha huu siku kijana anapoanza kazi, asingoje uonekane.

Masikio nayo huumia, ila polepole. Kelele ya desibeli 85 kwa saa nane kwa siku ndiyo kikomo kinachotumiwa na wengi. Kompresa za pistoni na bastola za upepo hufikia au kupita hapo, na usikivu ukiharibiwa na kelele haurudi. Vaa vizibo, na mashine ikae mbali na meza ya kazi.

Kabla ya kugusa

Tairi la lori ni tanki jingine. Hujazwa hadi bar 7 au 8, na kwenye rimu za vipande, zile zenye pete ya chuma inayobana tairi, pete isipokaa sawasawa hufyatuka na kuua. Lijazwe likiwa ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wenye kishikio kinachojibana kwenye valvu, fundi akisimama pembeni na kamwe si mbele ya rimu. Kabla ya kufungua rimu ya namna hiyo, toa kwanza sindano ya valvu mpaka upepo wote uishe.

Kanuni hiyo hiyo inatawala matengenezo ya kompresa. Kutoa plagi peke yake hakutoshi, wala kungoja mota ijizime hakutoshi, kwa sababu swichi inaweza kuiwasha wakati vidole viko kwenye mkanda. Kata umeme, weka kufuli au alama ili mwenzako asiurudishe, toa upepo mpaka geji isome sifuri, kisha fungua bomba la chini uhakikishe, maana geji nazo hunata. Kava la mkanda lirudishwe kabla ya kuwasha. Mpira wa upepo usichomolewe ukiwa na presha: funga bomba, toa upepo uliobaki, ndipo uchomoe. Mipira minene ifungwe kwa kebo kwenye viungio isije ikachapa watu.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Kenya ina yake ya mwaka 2007. Zote zinataka matanki ya hewa iliyobanwa yakaguliwe na wataalamu walioidhinishwa. Lakini mkaguzi huja kwa vipindi, na kutu hula kila siku. Kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, mlinzi wa kweli ni yule anayeishi na mashine.

Mara nyingi huyo ni kijana anayejifunza kazi, ndiye anayetumwa kuwasha asubuhi na kuzima jioni. Akiambiwa tu "fungua maji," atafanya hivyo siku anayosimamiwa. Akielezwa kuwa lita mbili zimetua mle ndani leo, kwamba zinakula chuma kinachozuia tani kumi, na kwamba geji haitamwambia, atalifungua bomba hata siku ambayo bosi hayupo. Kila fundi mkuu anaweza kumfundisha hivyo kwa dakika kumi, na aanze na bamba la tanki: presha ya juu inayoruhusiwa na mwaka lilipotengenezwa. Bamba likiwa halipo, tanki hilo lisijazwe mpaka mtaalamu alipime.