Dripu kwa Asiyeumwa

Siku hizi si lazima uugue ndipo utundikiwe dripu. Dar es Salaam na Nairobi zipo kliniki za urembo na saluni zinazokukalisha kwenye kiti cha kuegemea, zikakuwekea kanula mkononi na kuacha maji ya rangi ya njano yatiririke taratibu huku ukiperuzi simu. Orodha yao imepangwa kwa shida za mteja: ya nguvu, ya kinga, ya hangova, ya ngozi, ya bibi harusi. Wengine hukufuata hadi nyumbani. Mimi ni mfamasia, na naulizwa mara nyingi kama jambo hili lina maana. Kwa kawaida muulizaji ameshaamua kwenda. Kwangu anatafuta baraka tu.

Baraka hiyo siitoi.

Chimbuko la dripu hizi ni Baltimore, Marekani, kwa daktari John Myers, aliyekuwa akiwadunga wagonjwa wake mchanganyiko wa magnesiamu, kalisi, vitamini za kundi B na vitamini C. Alifariki mwaka 1984, na baadhi ya wagonjwa wake wakahamia kwa daktari mwingine, Alan Gaby. Gaby hakuwa na hakika ya vipimo alivyotumia mwenzake, hivyo akatengeneza mchanganyiko wake mwenyewe, na mwaka 2002 akauandikia makala. Ndio huo ambao, kwa mabadiliko ya huku na kule, unauzwa hadi leo kwa jina la Myers. Dawa ya presha ingekuja dukani kwangu na historia ya namna hiyo, nisingeipa hata nafasi kwenye rafu.

Je, ilipimwa? Kidogo sana. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009 uliwachukua wagonjwa 34 wenye maumivu sugu ya misuli yaitwayo faibromaialjia. Baadhi walipewa mchanganyiko wa Myers mara moja kwa wiki kwa wiki nane, wengine wakapewa maji ya kawaida ya dripu bila kujua nani kapata nini. Waliopata vitamini walijisikia nafuu. Waliopata maji nao walijisikia nafuu, na tofauti kati ya makundi hayo haikutosha kusema kwamba vitamini ndizo zilizofanya kazi. Utafiti ulikuwa mdogo, kwa hiyo haufungi mjadala, ila unaonyesha jambo ambalo muuguzi yeyote wa kwetu analijua: dripu yenyewe, kwa kutundikwa tu, huleta nafuu kiasi fulani. Tuko kwenye nchi ambazo mgonjwa aliyetoka zahanati na vidonge bila sindano huona hajatibiwa.

Biashara hii imekaa juu ya imani hiyo, na mwili nao huongeza ushahidi wa uongo. Magnesiamu ikiingia kwenye mshipa hulegeza mishipa ya damu, na mteja husikia joto likitembea kifuani hadi miguuni. Anaambiwa hiyo ni dawa inafanya kazi. Ni mishipa inalegea. Baadaye anakojoa mkojo wa njano iliyoiva na kudhani sumu zinatoka. Ile ni vitamini B2, aliyolipia, inaondoka zake.

Hoja kuu ya wauzaji ni kwamba ukimeza kidonge, utumbo hunyonya sehemu ndogo tu, ilhali dripu inafikisha asilimia mia moja kwenye damu. Kwa hesabu hiyo tu wako sahihi. Wasichokisema ni kwa nini utumbo hufanya hivyo. Chukua vitamini C. Mtu mzima anahitaji chini ya miligramu 100 kwa siku. Ukimeza miligramu 200, utumbo huchukua karibu zote. Ukimeza miligramu 1,250, huchukua chini ya nusu, kwa sababu vipitishio vyake kwenye ukuta wa utumbo vimeshajaa. Utumbo ni kama bawabu wa ukumbi: watu wakishatosha, anafunga mlango. Dripu inaingia kwa kubomoa ukuta wa nyuma. Vitamini C hupanda kwenye damu kuliko kidonge chochote kingeweza kuipandisha, kisha figo zinaanza kuitoa, na ndani ya saa chache sehemu kubwa imeshaondoka. Pera moja la kawaida lina vitamini C ya kutosha siku nzima na zaidi, na bawabu hana ugomvi nalo.

Kuhusu maji yenyewe, kuna kisa ambacho natamani kila mwenye kuuza dripu ya hangova akijue. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi walifurika India na kipindupindu kikazuka. Katika kambi ya Bangaon, daktari wa watoto Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu huku wagonjwa wakiwa wamelala chini. Aliamua kuchanganya sukari ya glukosi na chumvi kwenye maji, akawapa ndugu wa wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilishuka kutoka kiasi cha asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Glukosi huisaidia chumvi kupenya ukuta wa utumbo mwembamba, na maji huifuata chumvi. Ndiyo siri ya pakiti ya ORS inayouzwa kila duka la dawa. Basi kama utumbo wa mgonjwa wa kipindupindu anayeharisha lita kwa lita bado unaweza kupokea maji, utumbo wa kijana aliyekesha kwenye sherehe ya Jumamosi haujashindwa kiasi cha kuhitaji sindano.

Halafu kuna chumvi. Lita moja ya maji ya dripu yaliyozoeleka, ile saline, ina gramu 9 za chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kutoka kwenye chakula chote. Nusu lita tu inakaribia kumaliza mgawo wa siku, na wateja wa dripu hizi wengi ni watu wazima wa mjini, umri ambao presha huanza kupanda bila kupiga hodi. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu anaweza kujazwa maji hadi kwenye mapafu.

Hatari inayonisumbua zaidi haimo kwenye matangazo, wala sijawahi kusikia mteja akiulizwa kuihusu. Watu wengi wenye asili ya maeneo ya malaria, pwani yetu ikiwemo, huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Upungufu huo umedumu vizazi na vizazi kwa sababu unampa mtu kinga fulani dhidi ya malaria, na unaonekana zaidi kwa wanaume kwa kuwa jeni yake iko kwenye kromosomu ya X. Mwenye nao huishi vizuri bila kujua, mpaka akutane na kitu kinachochubua seli nyekundu za damu. Tuna mfano wa karibu: dawa ya malaria ya Lapdap, iliyotengenezwa kwa kuilenga Afrika, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa sababu kimoja cha viambato vyake, dapsone, kiliwasababishia watu wenye upungufu huo kupungukiwa damu vibaya. Vitamini C kwa dozi kubwa ya mshipani nayo imeripotiwa kupasua seli za watu hao. Hospitali za nje zinazowapa wagonjwa wa saratani makumi ya gramu hupima G6PD kabla ya chupa ya kwanza. Saluni inayojinadi kwa "dozi ya juu" inapima nini?

Wenye kisukari wana mtego wao. Vitamini C nyingi kwenye damu huchanganya baadhi ya vipimo vidogo vya sukari vya nyumbani, vikaonyesha sukari iko juu wakati haiko. Mtu akijidunga insulini kwa kuamini namba hiyo, anaweza kuzimia.

Na kwa wale wanaosema vitamini C hata ikizidi haina madhara, mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa wa wagonjwa 872 waliolazwa vyumba vya uangalizi maalumu kwa maambukizi makali. Kati ya waliopewa vitamini C mshipani, asilimia 44.5 walifariki au kubaki na viungo vilivyoshindwa; kati ya ambao hawakupewa, 38.5. Ni wagonjwa mahututi, sawa, na mwenye afya yake si wao. Ila imani kwamba vitamini haiwezi kudhuru ilipata jibu.

Dripu za kung'arisha ngozi zinastahili makala yake. Kwa ufupi: kiambato chake ni glutathioni, kitu ambacho ini letu hujitengenezea, na ikidungwa hudumu kwenye damu dakika chache. Ufilipino, ambako mtindo huu ulishamiri mapema, mamlaka ya dawa ilitoa onyo mwaka 2011 na kurudia mwaka 2019: matumizi iliyoyaidhinisha kwa sindano hiyo ni kuwasaidia wagonjwa wanaopata tiba ya saratani ya cisplatin. Weupe haumo.

Vitamini za mshipani zina wenyewe. Mlevi wa miaka mingi aliyeanza kuchanganyikiwa na kuyumba, au mjamzito aliyetapika wiki nzima, anahitaji vitamini B1 haraka, na kidonge kitachelewa. Mtu aliyekatwa sehemu kubwa ya utumbo hulishwa kupitia mshipa. Hao wote wana kitu kimoja: njia ya kawaida imefungwa, na kuna daktari aliyethibitisha hivyo. Wewe uliyechoka miezi mitatu anza na kipimo cha damu, sukari, tezi ya shingo, na ujauzito kama inawezekana. Upungufu wa damu hautibiwi na maji ya njano, na dripu inayokupa nafuu ya siku mbili inaweza kuchelewesha kugundulika kwake.

Ukishikilia kwenda, angalia wanavyochanganya. Hospitalini dawa za mshipani zinapaswa kuchanganywa mahali safi maalumu, kwa sababu kila ampuli inayovunjwa ni nafasi ya vijidudu kuingia, na kalisi ikikutana na fosfeti huweza kuganda chembechembe zisizoonekana kirahisi. Omba kuona ampuli zenyewe, majina yake na namba za usajili, na sindano ikifunguliwa mbele yako. Kisha muulize anayekudunga kama ana leseni ya uuguzi au udaktari, na adrenalini iko wapi. Vitamini B1 ya mshipani, mara chache, huleta mzio mkali wa kuziba koo, na hapo kuna dakika chache tu za kuitafuta.