Usingoje Matanga Ndipo Utafute Picha

Je, msomaji, umewahi kukabidhiwa kijitabu cha ratiba ya mazishi ambacho sura ya marehemu kwenye jalada haitambuliki? Macho yamegeuka madoa, tabasamu limepotea, na shavu lina miraba kama sakafu ya vigae. Waombolezaji hunong'onezana kuwa mpiga chapa ni mzembe. Mara nyingi lawama hiyo humwangukia asiyestahili, kwani picha ilikuwa imeharibika kabla haijafika kwake River Road.

Katika familia nyingi za mjini, mambo huwa hivi. Mzazi akiaga dunia, kamati ya mazishi huanza kutafuta picha usiku wa manane. Mmoja huichomoa katika kundi la WhatsApp la jamaa, akamtumia binamu, naye binamu akamtumia mwenye kompyuta. WhatsApp huibana picha ili isile data nyingi. Kwenye kioo kidogo cha simu huoni tofauti. Kwenye karatasi, kasoro zote hujianika. Hakuna fundi awezaye kurudisha kilichokwisha kutupwa.

Hesabu ya nukta

Picha ya dijitali ni mkusanyiko wa nukta ndogondogo za rangi ziitwazo pikseli. Ili picha iwe safi ikishikwa mkononi, huhitaji takriban nukta 300 kwa kila inchi. Basi chukua vipimo vya karatasi kwa inchi, uzidishe kwa 300. Picha ya inchi 4 kwa 6 huhitaji pikseli 1,200 kwa 1,800. Ukurasa mzima wa A4 huhitaji 2,480 kwa 3,508. Ile kubwa ya fremu, inchi 16 kwa 20, hutazamwa kwa mbali, kwa hivyo nukta 150 kwa inchi zinatosha, yaani pikseli 2,400 kwa 3,000.

Kamera ya simu yenye megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, na hiyo yatosha A4. Fungua maelezo ya picha simuni nawe utaviona vipimo vyake.

Hata hivyo, jihadhari na mtindo wa kukata uso mmoja kutoka picha ya harusi. Uso wa mama aliyesimama safu ya nyuma huenda ukabaki na pikseli 400 kwa 500 tu. Hizo zatosha picha ndogo kama ya pasipoti, si jalada.

Kutuma na kuchapisha

Mwombe mwenye simu iliyopiga picha hiyo akutumie faili asilia. Kwenye WhatsApp aitume kama hati, si kama picha. Chaguo la HD lililoletwa mwaka wa 2023 ni nafuu, lakini nalo hubana. Baruapepe au flashi pia hufaa. Kamwe usitumie picha iliyopigwa kutoka kwenye kioo cha simu nyingine.

Rangi nazo zina mambo yake. Kioo cha simu hutoa mwanga, lakini karatasi haina mwanga wake. Ndiyo maana picha iliyopendeza simuni hutoka na giza ikichapishwa, na sisi wenye ngozi nyeusi ndio huumia zaidi, kwani uso huweza kuwa kivuli kitupu. Ongeza mwangaza kidogo, lakini usimgeuze marehemu kuwa mtu mwingine. Kisha chapisha nakala moja kwanza, uitazame nje juani, ndipo uagize zile 200.

Aidha, kumbuka kwamba umbo la picha nyingi za simu si sawa na la karatasi ya inchi 4 kwa 6. Sehemu fulani ya picha itakatwa ili ijaze karatasi. Amua mwenyewe pa kukata, la sivyo mashine itaondoka na kilemba cha nyanya.

Na ikiwa iliyopo ni picha moja ya zamani ya karatasi? Ipeleke iskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi, nawe utaweza kuikuza mara mbili bila shida. Ukikosa skana, ilaze mezani karibu na dirisha, zima taa ya kamera, na uishike simu sambamba na picha.

Lakini haya yote ni ya kuzima moto. Lililo bora ni kutangulia. Mwezi huu, ukienda kumwona babu au nyanya, mwombe akae karibu na dirisha, apumzike, acheke. Mpige picha akiwa peke yake, karibu, mchana. Hifadhi faili hiyo ikiwa na jina lake na mwaka, simuni na mahali pengine pawili, maana simu huibwa na kompyuta hufa. Kisha chapisha nakala moja umpelekee mwenyewe aitundike ukutani akiwa hai, wageni wakija awaonyeshe. Akiba haiozi, na picha nzuri ya mzazi ni akiba ambayo hakuna pesa za kuinunua akishaondoka.